Baba Yako ni Nini?

Swali liliandikwa ubaoni kwa chaki ya njano, maana nyeupe zilikuwa zimekwisha tangu wiki iliyotangulia: "What is your father?" Mwalimu akalisoma mara tatu, nasi tukaliitikia mara tatu, watoto hamsini na kitu, wengine tukiwa tumekaa sakafuni kwa sababu madawati hayakutosha. Kisha akatufasiria kwa Kiswahili, na hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Baba yako ni nini? Kwetu mtu akikuuliza hivyo ujue anatafuta ugomvi. Baba huulizwa ni nani. "Ni nini" huulizwa kitu kilichookotwa njiani.

Ilikuwa mwaka 1981, nikiwa darasa la tatu, katika shule ya kambi ya mkonge huko Tanga. Kiingereza kilikuwa somo jipya kwetu, na somo lenyewe siku hiyo lilikuwa kazi za watu. Mwalimu alikuwa ametundika chati iliyochorwa kwa mkono: daktari mwenye koti jeupe, nesi mwenye kofia, dereva, polisi, mwalimu, mkulima na jembe lake, na rubani. Rubani! Ndege tuliyoijua sisi ni ile iliyopita juu sana, ukaisikia kabla hujaiona. Lakini neno "pilot" tulilishika kabla ya yote, na mpaka leo nadhani nusu ya darasa lile wangeweza kufeli mambo mengine yote wakabaki na "pilot".

Tukaanza kujibu kwa zamu. Wa kwanza akasema baba yake ni "farmer", kwa kuwa ndilo jibu lililokuwa ubaoni. Wa pili naye "farmer". Wakaenda hivyo hivyo mpaka zamu ikaufikia mstari wetu, na mimi nikakwama.

Nilikwama kwa sababu nilikuwa mtoto wa kusikiliza sana somo la siasa. Ukutani, juu ya ubao, palikuwa na picha ya Mwalimu Nyerere, na pembeni yake bendera ya chama yenye jembe na nyundo. Tulikuwa tumefundishwa kwamba jembe ni mkulima na nyundo ni mfanyakazi, na kwamba nchi hii ni ya hao wawili. Sasa baba yangu hakuwa na jembe la maana, labda lile la mama la bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Nyundo hakuwa nayo kabisa. Alikuwa na kisu. Nikamtazama mwalimu, nikatazama bendera, nikatafuta kisu hakipo. Nikasema kwa sauti: "My father is a sisal."

Wenzangu hawakucheka, maana hawakujua kama kuna la kuchekesha. Aliyecheka ni mwalimu, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na alama ya njano shavuni kipindi kizima. Kisha akaandika ubaoni neno jipya, "worker", na watoto waliokuwa wa "farmer" dakika kumi nyuma wakahamia huko wote. Kwa hiyo siku ile baba zetu walipandishwa cheo, au walishushwa, sijui, bila wenyewe kuwa na habari.

Maana saa ile wao walikuwa shambani. Baba aliondoka nyumbani gizani, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe wa kambi kikigongwa, ili akate sehemu kubwa ya ngwe yake kabla jua halijawa kali. Mmea wa mkonge hukatwa majani ya chini, ya juu ukayaacha yaendelee kukomaa. Kila jani lina mwiba mweusi nchani, mgumu kama msumari, nao hukatwa kwanza, la sivyo utakuingia wewe au mwenzako. Utomvu wake ukigusa ngozi huwasha. Baba alikuwa na makovu madogo meupe tangu kiganjani mpaka kiwikoni, na usiku alijikuna usingizini, mkwaruzo tulioulalia sisi watoto kama watoto wengine wanavyolalia mvua ya bati. Majani thelathini yalifungwa kitita kimoja, kwa kamba iliyochanwa kwenye jani lenyewe. Thelathini, si ishirini na tisa.

Aliyehakikisha hiyo thelathini ni karani. Alipita kwenye vitita na penseli sikioni, akachomoa kimoja popote alipopenda, akakifungua na kuhesabu. Jani likipungua, au likiwa fupi kuliko kipimo, kitita hakikuingia kwenye hesabu. Niliwahi kumpelekea baba uji nikashuhudia. Karani alihesabu kwa midomo bila sauti, baba akiwa amesimama kando, kisu kimeelekezwa chini, akitazama mbali, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Kitita kilikuwa na majani thelathini. Karani akatia alama kwenye kadi bila kuinua macho, akaenda zake. Baba akakifunga upya kile kitita kwa haraka ambayo sijawahi kuiona mkononi mwa mtu mwingine, kisha ndipo akaugeukia uji.

Huyu baba ndiye niliyetakiwa kumwita kwa neno moja la Kiingereza.

Shuleni tulikariri kwamba mkonge uliletwa nchini na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba katika miche yake 1,000 ilifika hai 62 tu. Tulijua pia kwamba mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za katani, na kwamba hapakuwa na taifa duniani lililotushinda. Mambo hayo yaliulizwa kwenye mtihani. Nani aliyakata majani ya tani hizo halikuulizwa, kwa hiyo hatukukariri. Nilipokuwa darasa la tatu mimi, tani hizo zilikuwa zimebaki hadithi. Kamba za plastiki zilikuwa zimeliharibu soko la mkonge, na korona, ile mashine ya kuchakata majani, pale kwetu kuna siku ililala kutwa nzima.

Kilichonishangaza baadaye, nilipokuwa mtu mzima na nimeanza kuyapenda maneno kwa ajili yake yenyewe, ni kwamba Kiingereza cha kazi kilikuwa kambini siku nyingi kabla ya ile chati ya rubani. Babu yangu alitoka Njombe miaka ya hamsini kwa mkataba wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya kutafuta vibarua mikoani. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini limetafunwa likameng'enywa mpaka likazaa wingi wa kibantu. Babu hakujua "farmer" wala "worker". Alijua namba yake, na alikufa akiikumbuka. Juu yake palikuwa na mnyapara, na juu ya mnyapara fomeni, na fomeni naye ni yule yule Mwingereza wa "foreman" aliyevuliwa viatu. Korona nayo ilikuwa jina la mashine ya kigeni, likawa jina la mahali: "mama yuko korona" maana yake yuko kiwandani anaanika singa kwenye nyaya.

Na maneno yasiyo ya Kiingereza nayo yalikuwa na siri zao. Mshahara umetoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi, na ndiyo maana kibarua wa kutwa akisema "mshahara wangu" wazee wa kambini walimrekebisha: wewe una ujira. Kibarua mwenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba leo kafanya kazi. Mtu kaitwa kwa jina la karatasi yake. Nilipokuja kusoma kwamba "salary" ya Waingereza ina ukoo na chumvi kwa Kilatini, sikushangaa sana. Sisi tulikuwa na posho, unga uliopimwa kwa kopo, na mtu aliweza kusema "nafuata posho" akimaanisha kwamba anakwenda kazini.

Lakini nimeruka mbele. Nilifaulu darasa la saba mwaka 1985, na pamoja na kufaulu zikaja fomu. Fomu za Kiingereza zilikuwa na mstari mmoja usiokosekana: "Father's occupation". Hapo hatukuandika "farmer" tena, wala "worker". Mtu mmoja mwenye ujuzi alituambia kwamba neno rasmi ni "peasant", na nchi nzima, naona, iliambiwa na mtu huyo huyo. Wa Rombo aliandika "peasant", wa Sumbawanga "peasant", na mtoto wa mkata mkonge naye "peasant". Tuliliandika kwa mwandiko wa kuunganisha, tena kwa fahari kidogo, maana lilikuwa na herufi nyingi. Kwa mama tuliandika "housewife". Mama yangu alikuwa anaanika singa tangu saa moja asubuhi, nywele zimejaa vumbi la katani kama mtu aliyezeeka ghafla, nami nikaandika kwamba yeye ni mke wa nyumbani. Sikuona kosa lolote. Nafasi yenyewe ilikuwa fupi.

Kidato cha tatu tulifundishwa Kiingereza na kijana wa Kiingereza aliyekuja kujitolea. Siku moja alikuwa akipitia fomu zetu, akauliza kwa upole kwa nini darasa zima limeandika hivyo. Tukamwambia ndiyo kazi ya wazazi wetu. Akawa mwekundu. Baada ya kuzungukazunguka akatueleza kwamba kwao, ukimwita mtu "peasant", umemtukana. Ni sawa na kumwita mshamba asiye na adabu. Darasa likanyamaza. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba kama ni tusi, neno la heshima la mtu huyo huyo ni lipi? Mwalimu akafikiri akasema "farmer". Tukawa tumerudi darasa la tatu.

Sikulaumu neno. Kwenye hotuba zetu "peasants and workers" lilikuwa neno la kusimamia wima, na nadhani hao waliotufundisha kuliandika walitaka kutupa heshima, wala si kutuvua. Ila ndipo nilipojua kwamba neno la kazi halivuki bahari na heshima yake. Heshima hubaki bandarini, neno likapanda meli peke yake.

Baada ya kidato cha nne niliingia kozi ya uhazili. Tulipigishwa taipu kwa kitambaa kilichofunika mikono, na Kiingereza chetu kikawa cha ofisini: "with reference to", "with effect from", "I am directed to". Mwalimu wetu wa huko alikuwa mama mmoja mkali, aliyevaa miwani yenye mnyororo, na ndiye mwalimu bora niliyepata kumwona. Alijua kinachotutesa. Tulishindwa wote kutenganisha "employer" na "employee". Kiswahili hakina shida hiyo: mwajiri na mwajiriwa, unasikia wazi nani anatenda na nani anatendwa. Kiingereza kimeficha tofauti yote mwishoni, kwenye herufi moja. Akasimama mbele, akavua miwani, akasema: "Sikilizeni wanangu. Mmoja wao huitwa, akaitikia 'ee'. Huyo ndiye mfanyakazi. Em-plo-yee. 'Ee, bwana. Ee, mama.' Bosi haitikii 'ee'." Darasa zima likapona siku hiyo.

Mimi nilipona kwa kuchelewa. Wiki mbili kabla ya somo hilo nilikuwa nimekwisha kutuma barua ya kuomba kazi, niliyoipiga taipu mwenyewe, kwenye bahasha ya kaki, kwa anwani niliyoikuta kwenye gazeti. Ilianza kama barua zote za zama zile, kwamba mimi ni msichana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 19, na ilimaliza kwa ahadi kwamba nikipewa nafasi nitakuwa "a faithful and obedient employer". Hawakujibu. Nami ningekuwa wao nisingejibu.

Barua ya pili ilijibiwa, nikaitwa kwenye usaili. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Wa katikati akaniuliza: "What are you doing at present?" Neno "present" nililijua kwa njia mbili: zawadi, na lile tulilopaza shuleni asubuhi jina likiitwa. Nikaona hapa hakuna zawadi. Nikakaa wima, nikajibu: "Present, sir." Akatazama wenzake. Mwanamke aliyekuwa kushoto akainamisha kichwa kwenye karatasi na mabega yakamcheza. Kazi nilipata, na nimeshawishika kwamba niliipata kwa ajili ya yale mabega.

Ofisi yenyewe siitaji. Nilikuwa mpiga chapa, kisha katibu muhtasi, na kazi ya katibu muhtasi ni kujua habari za watu kabla wao hawajazijua. Miaka ya tisini ilikuwa ya kupunguza. Serikali, mashirika, viwanda, kila mahali orodha. Nilizipiga barua hizo mimi, moja kwa kila jina, na zilikuwa na Kiingereza chepesi kinachoteleza: "regret", "services", "no longer required", "redundant". Siku bosi aliposema kwa simu kwamba fulani "got the sack", akili yangu ya mtoto wa mkonge ilikwenda moja kwa moja kwenye gunia. Nikamwona yule bwana amepewa gunia lake tupu, anakunja, anatia kwapani, anaondoka. Sikuwa mbali na ukweli. Sisi tungesema kibarua chake kimeota nyasi, na hiyo nayo ni picha: ile karatasi ndogo imeachwa chini siku nyingi mpaka majani yamepita juu yake.

Tarishi wetu alikuwa mzee wa makamo, mwenye baiskeli ya ofisi na suti ya kaki aliyoipiga pasi mwenyewe kwa mkaa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akaweka faili mezani kwa mikono miwili. Barua yake niliipiga mimi Alhamisi. Ijumaa jioni, wengine wameondoka, akaja nayo. Bahasha ilikuwa imefunguliwa vizuri, kwa kisu.

"Mwanangu, nisomee. Hapa pananitatiza." Kidole kilikuwa kwenye neno "redundant".

Nilijua maana yake kama nijuavyo jina langu. Kamusi ilikuwa kwenye droo ya kulia. Nikaanza kumwambia kwamba maana yake ni kama kupunguzwa, kwamba ofisi imeona nafasi ile haihitajiki.

"Nafasi, au mimi?"

"Nafasi, mzee."

"Basi wangeiandikia barua nafasi," akasema, bila hasira, akaikunja mara nne. Kisha akaniuliza kama ile kengele ya baiskeli airudishe stoo au ihesabiwe pamoja na baiskeli. Nikamwambia pamoja na baiskeli. Akashukuru.

Kuna kitu sikumwambia. Ile rasimu ilikuja mezani kwangu na neno jingine, kali zaidi, na aliyeandika alilifuta kwa kalamu nyekundu akaweka hili. Alidhani amelainisha. Kwa Kiingereza labda kweli amelainisha. Kwa mzee yule yote mawili yalikuwa giza, tofauti ni kwamba moja lilikuwa refu.

Nimestaafu sasa. Baba yuko hai, anakaa nami, macho yamepungua nguvu lakini masikio hayajambo. Jioni mjukuu wake hufanyia kazi za shule sebuleni, na mwaka juzi, akiwa darasa la tatu, alikuja na daftari lenye kichwa kile kile: kazi za watu. Orodha imekua kidogo. Sasa ina mhandisi, mwanasheria na mtu wa kompyuta. Rubani bado yupo.

Mtoto akamgeukia: "Babu, na wewe ulikuwa nani? Niandike."

Baba akanitazama mimi, akisubiri kama zamani alivyomsubiri karani. Nikasema neno lipo, nililipata siku nyingi kwenye kitabu: "sisal cutter". Mtoto akalirudia. Baba akainamisha sikio.

"Nini? Kata?"

"Cutter, baba."

"Kata," akasema taratibu. "Sasa si ndiyo hiyo hiyo? Miaka yote nilikuwa nakata, kumbe nasema Kiingereza." Akacheka peke yake, akakohoa, akataka maji. Alipomaliza kunywa akagonga daftari kwa kidole. "Na yule anayehesabu? Mwenye penseli. Huyo naye yumo humo?"

Mtoto akapitisha kidole kwenye orodha. "Yumo, babu. 'Clerk'. Inaandikwa kwa e lakini inasomwa klaki."

"Yumo," baba akasema. "Huyo siku zote humo hakosi. Mwandike vizuri, halafu pembeni yake niandikie: kitita cha Jumanne hakuhesabu."